Pima Kwanza, Ulipe Baadaye



Mara hii twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo limekuwa miongoni mwa gharama za kila mwezi katika majumba yetu, kama maji na umeme, nalo ni intaneti. Wengi wetu huinunua kwa kusikia sifa za kampuni, kisha mambo yasipokwenda hulaumu. Nasi tulikuwa miongoni mwao. Basi twasimulia yaliyotupata ili yasimpate mwenzetu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa. Ni nyumba ya mawe ya ghorofa, na kuta zake ni nene. Ruta iliwekwa sebuleni chini, nyuma ya kabati la chuma, ili isionekane na wageni. Mama hukaa juu, na kila Ijumaa baada ya Alasiri huzungumza na mwanawe aliyeko Maskati. Ikawa kila wakionana picha huganda na sauti hukatika, na mama huiweka simu chini machozi yakimlengalenga. Tukaongeza kifurushi kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, kisha 40. Malipo yakapanda, na hali ikabaki ile ile. Tukampigia simu kijana wa kampuni, tukamtolea maneno makali, tukamwambia kuwa watuuzia kasi wasiyokuwa nayo.

Hata siku moja mpwa wetu akaja na kompyuta yake, akaiunga kwenye ruta kwa waya, akapima. Zile megabiti 40 zilikuwapo zote. Kisha akapanda chumbani kwa mama, akapima kwa waifai: hazikutimia 2. Tukafahamu kuwa tulikuwa tukiilipa kampuni kwa kosa la ukuta na kabati letu.

Sababu yake ni hii. Ruta nyingi za leo hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 2.4 huenda mbali na hupenya kuta zaidi, lakini kasi yake ni ndogo, na hugongana na ya majirani. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini hudhoofika upesi mbele ya ukuta. Ama chuma, huyazuia yote mawili. Tukaitoa ruta mafichoni, tukaiweka juu ya rafu karibu na ngazi, na tukapitisha waya hadi juu kwenye kisambazaji cha pili. Kisha tukarudi kwenye kifurushi cha megabiti 10, na mazungumzo ya Ijumaa yakatulia. Yule kijana tulimpigia tena simu, mara hii kumtaka radhi.

Kwa hivyo, mwenye kutaka kununua na aanze nyumbani mwake. Kwanza, ahesabu matumizi ya saa ile ambayo watu wote wamo ndani: simu ya picha moja yatosheka na megabiti 4 hivi, na filamu ya picha safi 5 hivi. Pili, asichanganye megabiti na megabaiti, kwani megabaiti moja ni megabiti 8. Faili la megabaiti 100 kwa kasi ya megabiti 10 huchukua sekunde 80, hata mambo yakiwa sawasawa. Tatu, aulize: neno “hadi” katika tangazo lina maana gani? Kasi ya kupeleka ni sawa na ya kupokea? Kuna kikomo ambacho kikipita kasi hupunguzwa? Na ruta ni mali yangu, au nikihama itarudi kwao? Nne, awaulize majirani wa mtaa ule ule hali huwaje usiku baada ya Isha, wakati watu wote wanapotumia. Jibu lao lina faida kuliko tangazo. Tano, ruta ikishafungwa, abadilishe neno la siri lililokuja nayo, na achague ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Wala tusisahau kuwa kuna kosa lisilo la nyumba wala la ruta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na kwingineko. Siku kama hiyo kubadilisha ruta hakufai kitu, hufaa subira.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi enyi vijana mnaojua kupima, wapimieni wazazi wenu kila chumba kabla hawajaongeza hata shilingi moja, na kabla hawajamlaumu asiye na kosa.