Mbegu sugu itangulie dawa katika vita dhidi ya magonjwa ya mimea

MKULIMA aonapo majani ya mahindi yakigeuka manjano, wazo la kwanza huwa kukimbilia duka la dawa za kilimo. Kwa ugonjwa wa virusi unaojulikana kama MLN, mazoea hayo humtia hasara maradufu: hupoteza mazao, na pia fedha alizonunulia dawa.

Ugonjwa huo uliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza Septemba 2011 eneo la Longisa, Bomet, kisha ukaenea katika mataifa mengine yakiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Hutokea pale virusi vya aina mbili vinapovamia mmea mmoja kwa pamoja. Majani hukauka kuanzia kingoni, moyo wa mmea hufa na magunzi hubaki na punje chache au bila punje kabisa. Kuna wakulima waliopoteza shamba zima.

Hakuna dawa, iwe ya kiwandani au ya mitishamba, iwezayo kuua virusi hivyo vikishaingia ndani ya mmea. Ndiyo maana wataalamu waliwashauri wakulima wang'oe mahindi yaliyoathirika na kupanda maharagwe au viazi kwa muda, ili virusi vikose makao.

Suluhisho la kudumu limo katika mbegu yenyewe. Septemba 2013, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini, ambayo sasa ni KALRO, ikishirikiana na CIMMYT, shirika la kimataifa la utafiti wa mahindi na ngano, ilifungua kituo Naivasha ambako mahindi huambukizwa ugonjwa huo makusudi ili ibainike ni aina zipi zinazostahimili. Nyingi za mbegu zilizokuwa zikiuzwa madukani zilishindwa. Ukinzani imara ulipatikana katika mahindi yenye asili ya Thailand, na watafiti wamekuwa wakiuhamishia kwenye aina zinazofaa Afrika Mashariki.

Hii haimaanishi kwamba dawa za mimea hazina nafasi. Virusi hivyo husambazwa na wadudu, wakiwemo thripsi na vidukari. Mwarobaini huwapunguzia wadudu wengi hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao, nayo pareto, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza ulimwenguni, hushambulia mishipa yao ya fahamu. Hata hivyo, dawa hizo huharibiwa haraka na jua, hivyo yafaa zinyunyizwe jioni na kurudiwa. Isitoshe, thripsi hujificha katikati ya majani machanga ambako dawa hufika kwa shida. Basi dawa hupunguza kasi ya maambukizi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mbegu bora.

Ukinzani nao si ngao ya milele. Wakulima wa ngano wanalijua hilo vyema. Kutu ya shina aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka wa 1998, ilishinda jeni ya Sr31 iliyokuwa imetegemewa kote duniani. Wakulima nchini walipotegemea aina ya Kenya Mwamba, yenye jeni ya Sr24, kutu hiyo ilibadilika na kuishambulia vilevile mwaka wa 2007. Funzo ni kwamba ngome ya jeni moja hubomoka upesi. Yafaa jeni kadhaa ziunganishwe katika mbegu moja, na utafiti usikome.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, huduma za ushauri kwa wakulima ziko mikononi mwa kaunti. Serikali hizo hazina budi kuajiri maafisa wa kutosha wa nyanjani, watakaomweleza mkulima ni mbegu ipi anunue na ni lini dawa itamfaa. Mbegu sugu iliyolala katika ghala la watafiti haimjazi mkulima gunia. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa ugonjwa usio na tiba, kinga ndiyo tegemeo pekee.