Samaki wa Mwamba Bandia Wahesabiwe Sawasawa

Kila isikikapo habari kwamba meli kuukuu imezamishwa makusudi, au kwamba maumbo ya saruji yameteremshwa baharini yawe makao ya samaki, wengi wetu hushangilia. Mzamiaji hushuka, akapiga picha, akarudi juu akisimulia jinsi alivyowaona chewa na kolekole mahali palipokuwa mchanga mtupu. Basi shughuli hutangazwa kuwa imefaulu. Sisi twauliza: samaki hao wametoka wapi?

Swali hili si la ubishi. Mwaka wa 1989 James Bohnsack, mtaalamu wa samaki wa Marekani, alilitia katika maandishi: je, mwamba bandia huongeza samaki, au huwakusanya tu waliokuwa wametawanyika? Ikiwa huwakusanya tu, basi mvuvi amerahisishiwa kazi ya kuwamaliza. Jibu hubadilika kwa mahali na kwa aina ya samaki, na halipatikani ufuoni chini ya mnazi. Sharti mtu azame akahesabu.

Kuhesabu huko kuna kanuni zake. Mzamiaji hutandaza utepe, aghalabu wa mita 50, akaogelea polepole juu yake akiwaandika samaki wote walio ndani ya upana uliokwisha kuamuliwa. Huandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki. Vernon Brock alianzisha njia hii huko Hawaii, naye aliieleza mwaka wa 1954. Palipo na meli iliyozama, ambapo utepe haunyooki, huweza kutumiwa njia waliyoieleza Bohnsack na Bannerot mwaka wa 1986: mzamiaji hukaa mahali pamoja, akajiwazia duara lenye nusu kipenyo cha mita 7.5, akaorodhesha kila aina aionayo kwa dakika 5, kisha ndipo ahesabu.

Tena hana budi kukadiria urefu wa kila samaki, maana uzito hukokotolewa kutokana na urefu. Hapa macho hudanganya, kwani kitu kitazamwacho majini kupitia miwani ya kuzamia huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Ndiyo sababu wanafunzi wa kazi hii hupimwa kwa samaki wa kuchonga wa urefu unaojulikana, mpaka jicho linyooke. (Mwalimu anayedhani hesabu na sayansi ni masomo mawili na atafakari hapo.)

Hata jicho lililonyooka lina mipaka. Wako samaki wanaokimbia mapovu ya hewa, na wako wanaokuja kumtazama mgeni. Katika kina cha mita 30, mzamiaji anayevuta hewa ya kawaida hupata dakika 20 hivi tu kabla ya kulazimika kuanza kupanda. Kwa hiyo mbizi moja si utafiti. Yapasa kurudi wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, na kuhesabu pia kwenye mwamba wa asili ulio karibu. Zaidi ya yote, yapasa kuhesabu kabla ya chochote kuteremshwa, jambo ambalo ni rahisi mno kusahauliwa.

Tujionee yaliyotokea pwani ya Fort Lauderdale, Florida. Mwaka wa 1972 magurudumu makuukuu yapatayo milioni 2 yalitupwa huko, ati yawe mwamba. Vifungo vikakatika, magurudumu yakahamahama na kuyagonga matumbawe ya asili, na kuanzia mwaka wa 2007 wazamiaji wa jeshi wakatumwa kuyaopoa.

Sisi nasi tumo. Joto la bahari la mwaka 1998 liliangamiza sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Mwaka wa 2002 meli MV Dania ilizamishwa karibu na Mombasa, na huko Wasini na Mkwiro wanakijiji, pamoja na watafiti, wamepandikiza matumbawe baharini. Mahali ambapo wavuvi wamekubali kutotupa nyavu, wametoa kitoweo chao cha leo kwa ahadi ya kesho. Wana haki ya kuonyeshwa hesabu, wala si picha.

Wataalamu tunao, lakini ni wachache, na mafunzo ya kuzamia ni ghali. Kijana wa Shimoni anayemtambua tasi na pono tangu utotoni amewatangulia wengi katika kazi hii, ila asiye na ada ataishia kuwa nahodha wa mashua inayowabeba wahesabuji. Vyuo vikuu vyetu na serikali za kaunti za pwani vitenge fedha za kuwafunza vijana kama huyo. Na yeyote aombaye kibali cha kuzamisha meli au saruji, ombi lake lionyeshe samaki waliohesabiwa mahali pale kabla, na ni nani atakayezama kuwahesabu tena mwaka wa tano.