Ukimya wa wanandoa una kipimo, ila nani anahesabu siku?

"Mwambie babako chakula kiko mezani." Kauli hiyo hutolewa na mama kwa mtoto, ilhali baba mwenyewe ameketi hatua mbili kutoka hapo akitazama taarifa ya habari. Mtoto hufikisha ujumbe, hurudi na jibu, na kufikia mwisho wa wiki huwa amegeuzwa tarishi wa watu wawili wanaolala kitanda kimoja. Hakuna aliyepigwa. Hakuna sahani iliyovunjwa, na majirani wa ploti hawana la kusimulia. Ndiposa masaibu ya aina hii hayafiki kwa chifu wala katika kituo cha polisi, hata yanapodumu mwaka mzima.

Wengi huuchukulia mnuno kama huo kuwa hali tu, mfano wa mvua inayonyesha na kupita. Sheria ya Kenya haiuoni hivyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 2014, kinachohusu ndoa za kiserikali, kinaorodhesha mambo yanayoweza kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Miongoni mwayo, pamoja na uzinzi na ukatili, ni mmoja wa wanandoa kumpuuza mwenzake kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka miwili kabla ya kesi kuwasilishwa. Kumhama mwenzi kumetajwa kando, na muda wake ni miaka mitatu. Kwa kuyatenga mawili hayo, sheria imekubali kwamba mtu anaweza kumtelekeza mwenzake bila kufungasha nguo hata moja.

Si hayo tu. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, katika kueleza ni nini kinachohesabiwa kuwa mchango wa mwanandoa, inataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara au mali ya familia na kazi za shambani. Katikati ya orodha hiyo imo pia huduma ya uandani, yaani mtu kuwa mwenzi wa mwenziwe. Ni rahisi msomaji kulipita neno hilo bila kulitambua. Lakini limo. Na tangu Mahakama ya Juu ilipoamua mnamo Januari 2023 kwamba ndoa pekee haimpi mtu nusu ya mali, na kwamba kila mmoja anapaswa kuthibitisha mchango wake, kila kipengele cha orodha hiyo kimekuwa na thamani ya shilingi.

Tatizo ni ushahidi. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya 2015 inatambua dhuluma ya kihisia, ila inaifafanua kama mwenendo wa kumdhalilisha mtu, kwa mfano kumtusi, kumkejeli na kumtisha kila mara. Matusi yana maneno, na maneno yanaweza kunukuliwa mbele ya hakimu. Ukimya hauna cha kunukuliwa. Mlalamishi atasema nini? Kwamba mumewe humjibu kwa kichwa? Kwamba mkewe huingia chumbani punde anaposikia lango likifunguliwa? Mshtakiwa atainuka aeleze kwamba kodi ya nyumba hulipwa, karo ya watoto hulipwa na unga haujapungua, na yote hayo yatakuwa kweli.

Wataalamu wa saikolojia wameuchunguza mwenendo huu kwa miongo kadhaa. John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, aliwarekodi wanandoa wakijadili migogoro yao huku mapigo ya moyo yakipimwa. Aliitaja tabia ya mtu kujifunga kama ukuta kuwa mojawapo ya dalili nne kuu za ndoa inayoelekea kuvunjika, pamoja na lawama, dharau na kujitetea. Katika utafiti wake, takriban asilimia 85 ya waliojifunga hivyo walikuwa wanaume. Vipimo vilionyesha jambo ambalo macho hayalioni: mtu anayeonekana mtulivu kama jiwe huenda moyo wake unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika. Hakunyamaza kwa sababu hajali. Amezidiwa, na hana njia nyingine ya kupumua. Gottman alipendekeza mjadala usimamishwe kwa angalau dakika 20, kisha wahusika waurejelee damu ikiwa imetulia.

Maelezo hayo yanawafariji wanaume, na pengine yanawafariji kupita kiasi. Andrew Christensen na Christopher Heavey waliangalia upande mwingine katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990. Wanandoa walipojadili jambo ambalo mke ndiye aliyetaka libadilike, mke alisukuma na mume akajitenga, kama ilivyotarajiwa. Walipohamia jambo ambalo mume ndiye aliyetaka mabadiliko, tofauti hiyo ilififia. Kwa maneno mengine, jinsia si maelezo kamili. Anayenyamaza mara nyingi ni yule ambaye mambo yakibaki yalivyo hapotezi kitu. Mume asiyetaka kuulizwa kuhusu mkopo aliouchukua kwa siri ana faida katika kimya. Kadhalika mke asiyetaka kuzungumzia pesa za chama. Mjadala usipofanyika, anayetaka mabadiliko ndiye aliyeshindwa, na hakuna hata neno moja lililosemwa dhidi yake.

Kuna kimya cha namna nyingine ambacho hakifai kutiwa katika kapu hilo. Mtu aliyepoteza kazi, kama walivyoipoteza wengi mwaka 2020 janga la Covid-19 lilipofunga hoteli na viwanda, anaweza kujikunja ndani ya nafsi yake kwa aibu au kwa msongo wa mawazo. Jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka huohuo kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mgonjwa wa sonona hamsusi mwenzake, na kumshtaki kwa mnuno ni sawa na kumlaumu mwenye malaria kwa kutetemeka. Vilevile, mke anayeufyata kwa sababu anajua neno moja litaleta kofi, huyo anajihifadhi. Kinachoutenga mnuno wa adhabu na kimya hiki kingine ni kwamba anayenuna huzungumza vizuri na kila mtu mwingine. Kwenye simu anacheka. Kazini anasifiwa kwa ucheshi. Mlango wa nyumba ukifunguliwa, uso unafungwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba dini zilizoenea nchini ziliuwekea mnuno mpaka karne nyingi kabla ya Bunge kufanya hivyo. Qurani, katika sura ya pili aya ya 226, inamhusu mume aliyeapa kutomkaribia mkewe: anapewa miezi minne. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, muda huo ukiisha mke anaweza kwenda kwa kadhi, na mume hutakiwa achague kurejea au kutoa talaka. Hawezi kumwacha mwanamke akining'inia. Sura ya nne aya ya 35 nayo inataka waamuzi wawili, mmoja kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke, pale mfarakano unapohofiwa. Kwa Wakristo, Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mume na mke wasinyimane, ila kwa mapatano na kwa muda, kisha warudiane.

Mafundisho hayo yote yanakutana katika jambo moja, ambalo ndilo pia lililomo katika zile dakika 20 za Gottman. Kujitenga kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kujitenga bila siku ya kurudi. Mume anayesema "niache nipumue, tutaongea baada ya chakula" na yule anayegeukia ukuta bila kusema lolote huenda wakakaa kimya kwa saa idadi ileile, lakini wake zao hawalali usiku mmoja. Wa kwanza anangoja. Wa pili anajiuliza amekosa nini, na akilikosa kosa lenyewe hulibuni.

Kipimo kipo, basi. Ambacho kimetoweka ni mtu wa kukishika. Pwani, somo aliyemfunda bibi harusi alikuwa na haki ya kubisha hodi na kuuliza hali. Katika jamii nyingi za bara, shangazi au wazee walioshuhudia mahari walikuwa na haki hiyohiyo. Harusi za kanisani zina wasimamizi, wale wawili wanaotia sahihi cheti na kupigwa picha, na kazi yao ilikusudiwa kuendelea baada ya keki kukatwa. Siku hizi wengi wao huishia kwenye kamati ya harusi. Familia ikihamia chumba kimoja Nairobi au Nakuru, hakuna ajuaye kwamba mwezi umepita bila salamu, na aliyeelemewa huona haya kusema, kwa kuwa malalamishi yake yanasikika kama deko la mtoto.

Aidha, teknolojia imerahisisha kujificha. Huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007 iliwakomboa wanaume wanaofanya kazi mbali na nyumbani, kwani hawakuhitaji tena kumpa utingo wa matatu bahasha au kusafiri mwisho wa mwezi ili unga upatikane. Lakini ile safari ilikuwa pia mazungumzo. Sasa pesa hufika na mtu hafiki, na ujumbe wa pekee wa wiki nzima unatoka kwa kampuni ya simu ukieleza kiasi kilichopokelewa. Wanawake walioenda kufanya kazi za nyumbani Saudi Arabia nao wana hadithi iyo hiyo kwa upande wa pili. Kwa walio pamoja, alama mbili za bluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa zimekuwa silaha ya kimya isiyohitaji hata kugeuza uso.

Mahakama haikufungiwa mlango wa suluhu. Kifungu hichohicho cha 66 kinaipa uwezo wa kuwaelekeza wanandoa kwenye upatanisho ambao pande mbili zitakubaliana. Hata hivyo, uwezo huo huanza mtu anapowasilisha kesi, na hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Mke Mwislamu ambaye mumewe ameapa kutomkaribia anaweza kumwendea kadhi baada ya miezi minne. Yule wa ndoa ya kiserikali, akitegemea sababu hii ya kupuuzwa pekee, hana budi kungoja miaka miwili itimie, ingawa sheria imeiachia mahakama nafasi ya kuzingatia sababu nyingine inazoona zinafaa. Katika miaka hiyo miwili, mtoto aliyekuwa Gredi ya Kwanza mnuno ulipoanza atakuwa ameingia Gredi ya Tatu, angali akibeba ujumbe kati ya jikoni na sebule.