Hakuna Sura Isiyo na Mwenyewe

Tangu Februari 2019 ipo tovuti ambayo kila ukiifungua upya hukupa uso mpya: mzee mwenye kipara, binti mwenye hereni, mtoto anayecheka. Jina lenyewe la tovuti hiyo linatangaza kwamba mtu unayemtazama hayupo duniani. Hapo ndipo watetezi wa picha za akili mnemba walipojengea hoja yao kubwa: sura hii si ya mtu yeyote, kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa wala wa kulalamika.

Programu iliyozaa nyuso hizo ilifunzwa na kampuni ya NVIDIA kwa picha 70,000 kutoka Flickr, mahali ambapo watu walikuwa wakiweka picha zao za harusi, mahafali na matembezi. Wahandisi walijihadhari, wakachukua zile tu ambazo leseni zake ziliruhusu kutumiwa tena. Lakini leseni hiyo ilitolewa na nani? Na mpiga picha. Mpigwa picha, mwenye pua na makunyanzi yake, hakuulizwa kitu. Ni kweli sura inayotoka si ya mmoja wao. Hata hivyo haina hata kope moja ambayo haikujifunza kwa mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera. Tangu lini mali ya watu elfu sabini ikichanganywa pamoja ikawa haina mwenyewe?

Pwani yetu inaujua mchezo huu tangu zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, studio za Unguja kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho zilipiga picha zilizosafiri hadi Ulaya zikiwa kadi za posta. Aghalabu chini ya picha ya mwanamke hapakuwa na jina lake. Paliandikwa aina yake: Mswahili, mwenyeji, mtu wa kabila fulani. Picha alipigwa yeye, maelezo wakayatunga wengine, na pesa za kadi zikaenda kwingine. Mashine za leo nazo husoma sura kwa kufuata maelezo. LAION-5B, hazina iliyotolewa mwaka 2022 na ambayo sehemu zake ziliifunza programu ya picha ya Stable Diffusion, ilikuwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maandishi yaliyoambatana nazo mtandaoni. Mashine haijui mwili wako. Inajua ulivyoandikwa.

Ndiyo maana dai la pili, kwamba mashine haina rangi wala kabila bali ni kioo cha dunia ilivyo, halisimami. Mwaka 2023 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha jaribio la Arsenii Alenichev, Patricia Kingori na Koen Peeters Grietens. Waliiagiza Midjourney, programu ya kuzalisha picha, iwatengenezee picha za madaktari weusi wa Kiafrika wakiwahudumia watoto wazungu wenye shida. Agizo jepesi kabisa. Zikatoka picha zaidi ya 300, na karibu zote zikawa na watoto weusi. Nyingine zikaongezewa wanyama wa porini ambao hakuna aliyewaita. Sasa kioo hicho kimetundikwa wapi? Ingia Muhimbili au Hospitali ya Kenyatta asubuhi yoyote uhesabu madaktari weusi. Dunia inao. Kilicho haba ni picha zao mtandaoni, kwa kuwa wengi wa walioingia na kamera katika zahanati zetu walikuja kutafutia miradi wafadhili, na mfadhili hulainishwa moyo na mtoto mweusi anayeumwa akiwa mikononi mwa mgeni. Mashine imekariri vipeperushi vya kuomba misaada ikadhani ndiyo Afrika.

Wenye subira watajibu kwamba haya ni magonjwa ya utotoni: ongeza data, yatapona. Nao huleta ushahidi wa vidole. Mwaka 2022 mikono ya watu katika picha hizi ilikuwa kichekesho, vidole sita hapa, vinane pale, kwa sababu kwenye picha nyingi mkono ni kitu kidogo, umekunjwa au umeshika kitu, na hakuna anayeandika chini ya picha ya harusi kwamba bwana harusi ana vidole vitano. Toleo la tano la Midjourney, la Machi 2023, lilipunguza sana aibu hiyo. Nakubali. Ila swali la vidole lina jibu moja, na jibu ni vitano. Swali la nani anafanana na daktari, na nani ni mrembo, halina jibu la namna hiyo. Google walijaribu kulijibu kwa kuielekeza mashine ionyeshe watu wa rangi mbalimbali, na Februari 2024 programu yao ya Gemini ikatoa wanajeshi wa Ujerumani wa mwaka 1943 wakiwa weusi na Waasia. Kampuni ikasimamisha kwa muda utengenezaji wa picha za watu. Walipaka rangi juu ya ukuta wenye ufa.

Kuna pia wanaodai kuwa mashine hizi hazijaguswa na mkono wa mtu. Kwa hao jibu ni fupi. Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono kwa ajili ya kampuni ya OpenAI. Usafi wa mashine umepita machoni mwao.

Sasa niwageukie wa upande wangu, wanaosema kwamba sanaa ya aina hii haina mwili wala nafsi, basi si sanaa. Hapa siwafuati. Minne Atairu, msanii wa Nigeria, katika mradi wake wa Igùn aliifunza programu kwa picha za sanaa ya shaba ya Benin, ile iliyoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Baada ya Oba Ovonramwen, mfalme wa Benin, kupelekwa uhamishoni, kazi ya wafua shaba ilidorora hadi 1914. Katika miaka hiyo 17, vichwa gani vingetengenezwa? Atairu anaisukuma mashine ijibu jambo ambalo haliwezi kujibika, na mtazamaji anabaki na pengo machoni. Katika kazi nyingine, ya 2023, aliitaka Midjourney itoe pacha weusi waliosuka nywele za rangi ya dhahabu, akauonyesha ulimwengu inavyohangaika. Warembo wetu husuka hivyo kila Jumamosi. Naye Stephanie Dinkins wa Marekani aliikataa hazina ya mabilioni, akaunda mashine inayozungumza kutokana na masimulizi ya vizazi vitatu vya wanawake wa familia yake. Inababaika, lakini inajulikana ni ya nani.

Malik Afegbua wa Lagos ananipa shida zaidi. Januari 2023 picha zake za wazee waliovalia mavazi ya fahari kwenye jukwaa la mitindo zilisambaa, na wengi wakaamini ni watu wa kweli. Ni nzuri, na zimewapa uzee heshima ambayo matangazo huunyima. Ila Lagos ina wazee, tena wanaojua kuvaa, na hakuna hata mmoja aliyelipwa siku hiyo.

Dai la mwisho ni kwamba sheria italimaliza jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zinauma: Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi. Picha ya klabuni inafutika. Ndani ya modeli iliyokwisha kufunzwa hakuna mahali pa kunyooshea kidole useme uso wangu upo hapa. Umesambaa katika mabilioni ya namba, na kuung'oa kwa hakika ni kuifunza modeli upya. Kampuni iliyoteketeza mamilioni ya dola kuifunza haitarudia kazi hiyo kwa barua ya mtu mmoja kutoka Kibaha.