Dereva Alishukiwa, Mzigo Ukapita

Tangu Tanzania ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, tarehe 16 Machi 2020, neno moja lilivuma hata kwetu Murangi: madereva ndio wanaotuletea. Neno hilo tunalikataa.

Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, Sirari ukiwemo. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, dereva akishapimwa. Mzigo ulitakiwa, aliyeuleta akashukiwa. Watafiti waliochunguza mwanzo wa mlipuko katika nchi na maeneo 6 ya Asia waliona kwamba walioambukizwa kazini walikuwa hasa wahudumu wa afya, kisha madereva na wauzaji. Kazi zao hazifanyiki kwa mbali. Virusi hivyo husafiri kwa pumzi penye msongamano, na aliyeambukizwa huweza kuambukiza wenzake kabla hajajisikia kuumwa. Lawama ya nini, basi?

Tena kibarua wa kutwa utamwambiaje abaki nyumbani, ilhali watoto wanangoja unga? Atameza dawa ya maumivu, ataenda mwaloni kupakia dagaa bega kwa bega na wenzake.

Enyi wenye mitumbwi, maduka na malori (mmo humu parokiani, na wengine ni viongozi wa walei), mgonjwa alipwe siku zake za kulala. Barakoa zinunuliwe na mwenye kazi, zisikatwe katika ujira. Kamati za vigango ziwaulize hayo sasa, kabla ya mlipuko mwingine, maana ukishafika kila tajiri atasema hana fedha.