Wafungaji wa Nzi Bandia Wanunuliwe Miwani

Ushanga wa tangisteni wenye upana wa milimita 1.5 ukidondoka sakafuni, mfungaji mzoefu haufuati. Anachukua mwingine. Kuinama na kupapasa kungemlia muda mwingi kuliko thamani ya ushanga wenyewe, na ndoana bado zinamngoja.

Wengi wetu Afrika Mashariki hatujui kwamba Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi bandia kwa ajili ya wavuvi wa mbali: ndoana ndogo zinazovishwa uzi, manyoya na nywele za wanyama ili samaki aina ya trauti adhani ameona mdudu. Trauti wenyewe waliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan alitia trauti wa Loch Leven, Scotland, katika mto Gura unaoteremka kutoka milima ya Aberdare. Walowezi waliopenda uvuvi huo walihitaji vyambo, na ufundi ukabaki nchini hata baada yao. Leo vyambo vinavyotoka katika karakana za Kenya, vingi vikiwa kazi ya mikono ya wanawake, hutupwa katika mito ya Uingereza na Marekani.

Ushanga umeingia kwa sababu ya uzito. Trauti hula sana chini ya maji, kwa hiyo chambo chepesi kinachoelea juu humpita. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Wiltshire, Uingereza, alizungushia ndoana waya mwembamba wa shaba ili izame. Wengine walitumia risasi, lakini risasi ni sumu. Mwaka 1987 uuzaji wa vizito vidogo vya risasi vya kuvulia ulipigwa marufuku Uingereza kwa kuwa mabata maji walikuwa wakivimeza na kufa. Tangisteni ikapata soko. Sentimita moja ya ujazo ya madini hayo ina uzito wa gramu 19 na zaidi, ilhali risasi ni 11 na kidogo. Mvuvi anapata chembe ndogo inayozama upesi bila kuvimbisha umbo la mdudu, na ndiyo maana kila mwaka anaitaka iwe ndogo zaidi.

Udogo huo humwangukia mfungaji. Ndoana namba 18 au 20 ni ndogo (namba ikipanda, ndoana hupungua), na ushanga wake wa milimita 1.5 haufiki hata gramu 0.04. Tena una mbele na nyuma. Upande mmoja tundu ni jembamba, upande wa pili ni pana. Ncha ya ndoana huingizwa kwenye tundu jembamba, ushanga ukateleza kufuata pindo hadi karibu na kitundu cha kupitishia mshipi, ili upande mpana utazame nyuma na kumeza mizunguko ya uzi. Ukiingizwa kinyume unakaa upande, au unachomoka kabisa kupitia mbele. Kijino cha ndoana nacho lazima kiwe kimebanwa kwanza, la sivyo ushanga haupiti. Yote hayo hufanyika kabla ndoana haijabanwa kwenye jiliwa na kabla uzi wa kwanza haujazungushwa.

Wanawake wa Kimaasai na Kisamburu wanaotunga shanga za kioo humimina shanga kwenye sahani na kuzichoma kwa uzi mgumu, zikaingia kadhaa kwa mkupuo. Mfungaji wa nzi anaweza kuiga hivyo kwa ncha ya ndoana, ila ushanga wa kioo unaingia upande wowote, na wa kwake hauingii. Akichoma bila kuangalia, nyingi atazirudisha. Hana budi kuuona kila mmoja.

Vifaa vya kumsaidia ni vya bei nafuu. Kipande cha sponji nyembamba mezani huzuia shanga kubiringika, na trei nyeupe hufanya matundu meusi yaonekane. Kijiti chenye nta nchani huokota ushanga na kuushika uelekee panapotakiwa. Kibano chenye kibonde kidogo kwenye ncha zake ni bora zaidi, kwa sababu kibano cha kawaida huurusha ushanga. Karakana isiyokuwa na hata kimoja kati ya hivi haina sababu ya kulalamikia kasi ya watu wake.

Macho ndiyo suala kubwa. Mtu akikaribia miaka 40, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na kuona vitu vya karibu kunazidi kuwa kazi. Mfungaji anafikia umri huo wakati vidole vyake vimekomaa katika ufundi. Miwani ya kusomea, ambayo si ghali, inamrudishia alichopoteza. Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wa miaka 40 na zaidi: waliopewa miwani waliongeza uzalishaji kwa takriban asilimia 21.7 kuliko wenzao ambao hawakupewa. Bangladesh, utafiti uliotoka mwaka 2024 ulionyesha kipato cha waliopewa miwani kikizidi cha wengine kwa karibu theluthi moja. Jani la chai lina ukubwa wa kidole. Ushanga wa milimita 1.5 je?

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamdai mwajiri mwanga wa kutosha mahali pa kazi. Mwanga huo unapaswa kupimwa pale ushanga unaposhikwa, juu ya jiliwa, si kwa taa moja ya darini. Wanunuzi wa ng'ambo nao wanaweza kuandika masharti katika oda zao, kama wanavyoandika rangi ya uzi na namba ya ndoana: macho yapimwe kila mwaka, miwani igharimiwe na mwajiri, kila meza iwe na taa yake. Kisha bei. Biashara hii huhesabu kwa dazeni, na dazeni ya namba 20 yenye ushanga haistahili kulipwa sawa na dazeni ya namba 10 isiyo nao.