Kasha lisikudanganye

Ukiuziwa silinda ya kale ya muziki, usikimbilie kulipa kwa kuona picha ya Thomas Edison kwenye kasha la kadibodi. Fungua kifuniko kwanza, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Baada ya kusikiliza, watu wengi walirudisha silinda katika kasha lolote lililokuwa karibu. Kwa hivyo kasha hutaja umri wake lenyewe, wala si wa kilichomo. Hata tarehe za kusajiliwa kwa uvumbuzi zilizochapwa humo zakuambia tu kwamba kasha halikutengenezwa kabla yake. Laweza kuwa limetengenezwa miaka mingi baadaye.

Itoe silinda kwa kutanua vidole viwili ndani ya tundu lake. Usiguse upande wa nje, kwani mafuta ya vidole huiharibu nta. Sasa tazama rangi. Silinda za Edison za nta ya kahawia kwa kawaida ni za kabla ya 1902, mwaka zilipotoka zile nyeusi za kalibu, za dakika 2. Amberol, nyeusi pia lakini ya dakika 4, ilikuja 1908. Ya buluu ni Blue Amberol ya seluloidi, iliyouzwa kuanzia 1912 hadi 1929.

Mwisho, linganisha nambari ya ukingoni na ya kifuniko. Zikitofautiana, punguza bei, lakini kasha usilitupe: huenda silinda yake ingali inatafutwa na mwingine.